Miezi minne ya Kiarabu cha mtaani kwa sauti za WhatsApp: uzoefu wangu

Nafanya kazi saluni ya wanawake hapa Ruwi, Maskati. Nimetokea Tanga, na Kiarabu nilichokuja nacho ni kile cha chuoni: msahafu nausoma bila kukwama, lakini ukiniuliza maji yako wapi nakukodolea macho. Wiki ya kwanza mteja aliniambia "bas shwayya". Mimi nikasikia "basi", nikaweka mkasi chini. Kumbe alimaanisha punguza kidogo tu. Tukatazamana kwenye kioo, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Nilianza na programu ya simu, ya kulipia, jina nalihifadhi. Si mbovu, ila inafundisha fus-ha, yaani Kiarabu rasmi cha vitabuni, na mimi sikuja huku kusoma taarifa ya habari. Miezi miwili nilishinda na "kayfa haluki" na mtoto anayekula tufaha. Siku nilipomsalimia mteja hivyo alicheka, akasema naongea kama mtangazaji. Hapa mwanamke unamwambia "kef halish", na "-ish" yake mwishoni. Nenda Dubai utasikia "-ich". Programu yangu haikuwa na hii wala ile.

Ndipo shoga yangu akanielekeza kwa mwalimu mmoja, mama wa Kiomani anayefundisha kwa WhatsApp. Riali 12 kwa mwezi. Kila siku isipokuwa Ijumaa anakutumia sauti fupi tatu au nne, unazirudia, unamtumia zako, anakusahihisha. Jumamosi mnaongea kwa simu nusu saa. Kitabu hakuna. Ujumbe wake wa kwanza uliandikwa "kef 7alish", nikadhani kidole kimeteleza. Hiyo 7 ni ile ha ya kooni, na 3 ni ain. Ndivyo wanavyoandikiana wakitumia herufi za kizungu.

Pesa yangu naona ilirudi siku aliponiambia nihesabu kumi kumi kwa Kiswahili. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini… nikafika tisini, akasema haya, somo la leo umelimaliza. Kutoka hapo akawa ananifukulia Kiarabu kilichokuwa kimelala mdomoni mwangu: nusu na robo za kununulia vitu, "lazim" ya lazima, "yimkin" ya yamkini, hata dirisha, ambalo huku nalo ni "dirisha", ingawa hilo wote tumelitoa kwa Waajemi.

Sasa mtego. Bosi aliniuliza kama Ijumaa nitakuja kazini. Nikajibu kwa kujiamini "labda". Yeye akasikia "la budda", yaani hakuna namna, lazima nije. Ni budi ile ile ya "sina budi". Nikapangwa zamu nzima, asubuhi mpaka usiku. Mwalimu nilipomsimulia alicheka hadi sauti ikakatika, kisha akanirekodia "yimkin" mara kumi.

Jambo jingine alilonipigania ni kunitoa kwenye Kiarabu cha dukani, kile tunachoongea na wauzaji wa Kihindi na Kibangladeshi: "ana ma fi malum", mimi sijui. Kinaeleweka, na kwa kununua vitunguu kinatosha kabisa. Ila ukishakizoea, kukitoa mdomoni ni kazi. Mimi mpaka leo kinanichomoka nikichoka.

Kasoro zipo. Ukimuuliza kwa nini kitenzi kimegeuka hivi, jibu ni "ndivyo tunavyosema". Kwa wengine hiyo ni dharau, mimi nilizoea. Kusoma na kuandika hagusi, kwa hiyo anayetaka kuuelewa mkataba wake wa kazi atafute pengine. Na hiki ni Kiarabu cha hapa. Ukienda nacho Cairo utapata shida: kwetu "ma shay" ni hakuna, kule "mashi" ni sawa. Hebu fikiria unauliza kama chumba kipo.

Kikwazo kingine si kosa lake. Waomani wenye asili ya Unguja ni wengi mno, na wakiisikia lafudhi tu wanahamia Kiswahili. Nilimwandalia bibi mmoja sentensi nzima kuhusu hina, nikaivuta pumzi, akanikatiza: "Mwanangu, wewe mtu wa wapi?" Nikaimeza. Siku hizi wa namna hiyo nawaomba kabisa, bibi, tafadhali, nijibu Kiarabu. Wengi wanakubali, na wanasahihisha bure.

Mkasi siuweki tena chini ovyo. Wateja wawili wananiomba kwa jina, na mmoja hunisimulia habari za mkwe wake tangu anakaa kitini mpaka ananyanyuka; naelewa kama nusu, na hiyo nusu inanitosha kuguna pale panapostahili. Mwezi wa tano nimeshalipia. Nimemwomba mwalimu kitu kimoja tu, asinitumie sauti saa tano za usiku, maana mwenzangu wa chumbani amechoka kunisikia nikikohoa ain gizani.