Bima ya nyumba Mombasa: bidhaa iko sawa, wanaoiuza ndo shughuli

Kwa nyinyi mnaonunua nyumba mara ya kwanza na benki imeshawaambia leteni bima ndo tuachilie pesa, haya ni maoni yangu kuhusu ile pakeji ya nyumba ambayo maajenti wanaiita domestiki. Kampuni karibu zote Kenya zinaiuza kwa mpango mmoja, sehemu A jengo, B vitu vya ndani, C vitu unavyotoka navyo, halafu wafanyakazi wa nyumbani na dhima, yani ukimtia mtu mwingine hasara, kwa hiyo sitasifia wala kuponda kampuni yoyote, nazungumzia bidhaa yenyewe na milango nilopitia kuitafuta. Bidhaa naipa nne kwa tano. Uuzaji wake mbili, na hizo mbili ni za ajenti mmoja tu.

Deski ya bima ya benki ni haraka, hilo siwadhulumu. Unasaini hapo hapo, premiamu, ile pesa ya kulipia bima, wanaitia kwenye mkopo, kwisha. Sasa hebu soma hiyo karatasi: ni jengo peke yake, na jina la benki limeandikwa ndo wa kulipwa kwanza, yani nyumba ikiungua benki inachukua chake na wewe unabaki na nguo ulizovaa. Na premiamu ikishaingia kwenye mkopo ujue unailipia riba. Nikamuuliza dada wa kaunta kama naweza kuleta bima yangu kutoka nje, akanitazama kama nimemuomba pini yake ya M-Pesa, halafu akasema inawezekana bora jina la benki liwemo. Kumbe inawezekana! Ila usipouliza hakuna wa kukwambia.

Nikajaribu mtandaoni. Bei ilikuwa chini kuliko benki na unalipa kwa M-Pesa ukiwa umekaa zako kitandani, lakini ile fomu ilipofika kwenye paa ikanipa vigae, mabati au zege, nichague. Sasa mimi juu nina baraza la makuti, na si mimi peke yangu, tembea Nyali au Mtwapa uangalie juu. Ningebonyeza mabati ingekubali na ningepata cheti changu kizuri, halafu siku makuti yakishika moto kampuni ina haki kabisa kukataa kulipa manake nimeficha jambo ambalo lingewafanya wabadilishe bei ama wanikatae. Fomu haina mahali pa kueleza, na hapo ndo niliifunga.

Ajenti nilielekezwa na jirani. Mzee wa makamo, alikuja mwenyewe na bodaboda, akapanda mpaka juu akashika makuti kwa mkono, akauliza jiko la mkaa mnaliweka wapi mkichoma nyama, akafuata waya wa taa mpaka ulipoingilia. Akaniambia, "Mwanangu, makuti tuyaandike. Bora ulipe zaidi sasa kuliko kuja kubishana moto ushazimwa." Premiamu ikapanda, sikatai, na kampuni ikataka mitungi miwili ya kuzimia moto na waya upitishwe ndani ya bomba. Lakini makuti yameandikwa, hayo ndo ninayotaka mimi.

Kitu kingine alichonifunza ni hesabu ya thamani. Mimi nilikuwa naenda na bei niliyonunulia, akasema toa kiwanja, kiwanja hakiungui, unachokatia bima ni gharama ya kujenga upya pamoja na kusafisha vifusi na ada ya wataalamu. Ila usishuke sana pia ili upate premiamu rahisi, kuna kipengele cha wastani humo kitakukata. Tuseme kujenga upya ni milioni 6 na wewe umeandika milioni 3, jiko likaungua hasara ya milioni 1, utalipwa laki 5, manake umejikatia bima nusu. Watu wengi wanakuja kugombana na kampuni hapa na kampuni inakuwa haijavunja kitu.

Sehemu B ndo yenye kazi na ndo watu wanaiandika kwa kukisia tu, "vitu vya ndani laki 5", basi. Hebu ingia jikoni kwanza. Friji, jiko la gesi na mtungi wake, blenda, masufuria yale mazito ya biriani, vyombo vya wageni ambavyo havitoki mpaka Idi. Kabla hujafika sebuleni laki ya kwanza ishapotea. Nilipita chumba kwa chumba na simu nikipiga video, nafungua makabati, nasoma namba za nyuma za tivi, na risiti nilizonazo nikazipiga picha nikajitumia kwa imeili. Na dhahabu, jamani, dhahabu za wake zetu hazihesabiwi na masufuria! Kwenye karatasi zangu vitu vya thamani vina kikomo, na kitu kimoja kikizidi asilimia fulani ya jumla lazima kiandikwe peke yake na thamani yake, kwa hiyo twende kwa sonara akaandike barua ya uzito na bei. Zikiwa za kutoka nazo harusini ziende sehemu C, pamoja na simu na laptopu, huko bei yake kwa kila shilingi mia iko juu kuliko B ila inakufuata mpaka nje ya nyumba.

Wizi unalipwa kama kumevunjwa. Mlango uliosahauliwa wazi mchana kweupe, hakuna kitu. Na ukifunga nyumba ukasafiri zaidi ya siku 30 mfululizo bila kuwaarifu, kava ya wizi inalala. Fujo za kisiasa na ugaidi ni nyongeza ya kulipia, haimo.

Dada wa kazi na askari wa geti, waandikeni. Sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya wanaoumia kazini, inamtaka mwajiri awakatie bima, na wewe ukiwa na mtu anakufulia nguo ni mwajiri, upende usipende. Kwenye pakeji ni pesa kidogo sana.

Malipo: kwenye premiamu wanaongeza asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia ya wenye bima na stempu ya shilingi 40. Premiamu ya 20,000 inakuwa 20,130. Ukiona ajenti anaongeza "za usajili" muulize za nini. Na usikubali kuambiwa kava ishaanza utalipa mwisho wa mwezi, sheria ya bima kifungu cha 156 haimruhusu kampuni kubeba hatari kabla haijalipwa. Kabla ya kulipa angalia jina la kampuni na la ajenti kwenye orodha ya IRA, mamlaka inayosimamia bima, manake kampuni ya Resolution iliwekwa chini ya msimamizi 2022 na bado watu walikuwa na karatasi zao mkononi. Wanaotaka bima isiyo na riba, ya kufuata sheria ya Kiislamu, wapo kampuni ya Takaful tangu 2011, waulizeni pia.

Nimeshadai mara moja. Bomba la tanki juu ya dari lilipasuka usiku, dari ya chumba cha watoto ikashuka, godoro na kabati vikaloa. Picha, bei ya fundi, mkaguzi akaja, wakakata ile eksesi, kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe, wakalipa dari, godoro na kabati. Bomba lenyewe ng'o, mkaguzi alilishika akanionyesha kutu, akasema hii ni chumvi ya bahari na uchakavu, hailipwi. Sikuwa na la kujibu, limeandikwa.

Sasa nimefunga paneli za sola juu ya slabu na mzee ameshasema ziingie sehemu A kwa sababu zimeshikana na jengo. Nangoja karatasi ya nyongeza.