Glovu ipi ivaliwe wakati wa kutoa rangi ya jeli? Uchambuzi kutoka meza ya fundi wa kucha

Habari za leo, ndugu watazamaji, na hasa ninyi wenzangu ambao riziki yenu inatokana na msasa na brashi. Kabla sijasema lolote, naomba mtazame mezani. Hapa kuna bilauri tatu za kioo, na ndani ya kila moja nimemimina asetoni safi, yaani kile kimiminika tunachotumia kulainisha na kutoa rangi ya jeli, robo ya bilauri. Nimechukua glovu za aina tatu, nikakata kidole kimoja cha kila glovu kwa mkasi, na sasa ninavidumbukiza: cha bluu ni cha naitraili, hiki cheupe ni cha lateksi, na hiki chembamba kinachoonyesha upande wa pili ni cha vinaili. Bilauri ninazifunika kwa visahani ili mvuke usitujae chumbani, na tutazirudia baada ya muda.

Uchambuzi huu nimeuandaa kwa sababu ya kidole gumba changu cha kushoto. Fundi anayetumia mkono wa kulia hushika kidole cha mteja kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto, na hapo ndipo pamba iliyolowa asetoni hubanwa, ndipo jeli iliyolainika hukusanyika, mteja baada ya mteja. Katika mwaka wangu wa pili kazini, ngozi ya ncha za vidole hivyo vitatu ilikauka, ikawa ngumu na yenye kung'aa kama ganda la kitunguu, kisha ikapasuka. Ukubwa wa tatizo niliutambua jikoni wala si saluni: nilikuwa nakamua ndimu kwenye kachumbari, nikaliacha bakuli na kukimbilia bomba. Kilichonishangaza ni kwamba sikuwa mzembe, kwa kuwa nilivaa glovu za bluu kila siku, nikiamini kwamba kilichomfaa muuguzi kitanifaa na mimi.

Asetoni huyeyusha mafuta, na ngozi yetu huhifadhi unyevu wake kwa mafuta yaliyomo kwenye tabaka lake la juu. Mafuta hayo yakiondolewa mara kumi au ishirini kwa siku, ngozi haipati nafasi ya kuyarudisha. Hata hivyo, asetoni ikidondoka kwenye mkono mtupu hukauka ndani ya sekunde chache. Ikipenya ndani ya glovu haina pa kukimbilia, hivyo hubaki imebanwa kati ya mpira na ngozi yenye jasho, na hapo glovu inageuka kuwa kitambaa cha kukandia. Kwa maneno mengine, glovu iliyopenywa na ambayo haijavuliwa inaweza kukudhuru kuliko kutovaa kabisa.

Ukavu, hata ukiwa mkali, huweza kupona. Kinachonitia hofu zaidi ni kile kinachosafiri pamoja na asetoni. Rangi ya jeli hukauka kwa taa kwa sababu ndani yake mna kemikali ndogo ndogo zinazoungana na kuwa plastiki ngumu, na mojawapo inayojulikana sana kwa kuleta mzio ni HEMA. Si zote huungana kikamilifu, hasa kama taa ni dhaifu au rangi imepakwa nene, na zilizobaki hutoka wakati tunaposugua na kulowesha. Mwili ukishazizoea kwa ubaya, mzio huo kwa kawaida haumwachi mtu: vidole huwasha, hutoa malengelenge madogo, na wakati mwingine kope za macho huvimba kwa sababu tumezigusa bila kufikiri. Aidha, kemikali za jamii hiyo hiyo hutumiwa kuzibia meno na katika saruji ya kuunganishia mifupa, kwa hiyo mzio ulioupata saluni unaweza kukufuata mpaka kwenye kiti cha daktari wa meno. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA ziwe kwa matumizi ya wataalamu tu na zibebe onyo la mzio. Mtaalamu anayekusudiwa hapo ni wewe na mimi, na kwa kweli sisi ndio tunaoigusa kuliko mteja yeyote.

Sasa tuzirudie bilauri. Nakitoa kidole cha bluu kwa kibano, na mnaona wenyewe: kimevimba, kimerefuka kupita alipoishia mwenzake ambaye sikumlowesha, na uso wake umekunjamana. Nikikivuta kidogo tu, kinakatika kama utando wa maziwa. Cha vinaili kimelegea, na nikikiacha kikauke kitakuwa kigumu, kwa sababu asetoni imekinyonya vilainishi vyake. Cha lateksi kinaonekana karibu kama kilivyoingia.

Msikimbilie kununua bado, kwa maana macho hapa yanadanganya kidogo. Mpira unaweza kupitisha kemikali bila kutoboka na bila kubadilika sura, na lateksi nyembamba ya kutupwa hupitisha asetoni ndani ya dakika chache. Jaribio langu linaonyesha ni glovu ipi inayoharibika haraka. Halionyeshi ni ipi inayozuia. Vilevile, ule ubaridi unaousikia kwenye ncha za vidole si ushahidi kwamba asetoni imeingia, kwani hata ikikaukia juu ya glovu tu inapoza kilichomo ndani.

Ushahidi ulio bora umo kwenye boksi. Glovu zilizopimwa kwa kemikali kulingana na kiwango cha EN ISO 374-1 huwa na mchoro wa chupa ya maabara, na chini ya mchoro huo huandikwa herufi. Kila herufi ni kemikali moja, na asetoni ni herufi B. Boksi langu la bluu, hili hapa, nalisogeza karibu na kamera, lina herufi K, P na T, yaani magadi makali, haidrojeni peroksaidi na fomalini. B haipo. Juu ya mchoro pameandikwa tena aina B, na hapo ndipo wengi wetu hukosea: aina B maana yake ni kwamba glovu ilistahimili angalau kemikali tatu kwa dakika 30 au zaidi, kemikali zozote tatu za orodha hiyo, wala haihusiani na asetoni hata kidogo. Tafuteni B iliyo chini ya mchoro. Na kama boksi halina mchoro wowote, basi hizo ni glovu za kuzuia uchafu, na muuzaji atakayekuapia kwamba zinazuia kila kitu anauza maneno.

Glovu zinazozuia asetoni sawasawa zipo. Zile za mpira wa butili hustahimili kwa saa nyingi, lakini ni nene kiasi kwamba kushika kidole kidogo cha mteja ukiwa umezivaa ni sawa na kutunga shanga ukiwa na soksi mikononi. Zipo pia za plastiki ya matabaka, nyepesi ila zenye kupwaya, ambazo huvaliwa chini ya glovu nyingine. Ninazo butili jozi moja, nazo nazitumia kumimina asetoni kutoka dumu kubwa kwenda kwenye chupa ndogo na kusafishia vifaa. Kwa kazi hiyo sina malalamiko.

Kwa kutoa jeli kwenyewe nimehamia lateksi, nikiichukulia kuwa ni kinga ya matone na si ya kuzamisha mkono. Nachagua isiyo na unga, kwa sababu unga hupeperusha protini za mpira hewani, na mwenye mzio wa lateksi, awe fundi au mteja, asiikaribie kabisa. Ni adabu kumwuliza mteja kabla ya kumshika. Kasoro yake nyingine nimeijua kwa hasara. Sisi hupaka mafuta ya mgando kuzunguka ukucha wa mteja ili asetoni isimchome, na mafuta hayo hayo huidhoofisha lateksi mpaka ikachanika. Siku hizi nayapaka kwa kijiti chenye pamba, tena kidogo, badala ya kuyasambaza kwa kidole changu.

Naitraili sijaitupa. Hatua ya kwanza ya kutoa jeli ni kusugua tabaka la juu linalong'aa ili asetoni ipate njia, na wakati huo kila kitu ni kikavu, kwa hiyo glovu ya bluu inafaa sana kuzuia vumbi. Inafaa tena wakati wa kupaka rangi mpya, kwani kwa HEMA na jamaa zake yenyewe ni afadhali kuliko lateksi, mradi tone la jeli likiiangukia uivue mara moja. Kosa letu ni kuivaa hiyo hiyo mwanzo mpaka mwisho. Vinaili naipa sifuri.

Kuhusu krimu ya kujikinga, ile inayotangazwa kama glovu isiyoonekana, niliitumia mpaka ikaisha. Inalainisha ngozi vizuri usiku. Mchana haizuii asetoni, na hakuna alama yoyote inayokuambia kwamba imeshafutika. Kama imechukua nafasi ya glovu mezani kwako, umenunua mafuta ya kujipaka kwa bei ya dawa.

Kifaa kilichoniponya, na hapa nitakaa kidogo, ni kibano cha chuma. Tazameni. Pamba naikata iwe sawa na ukucha wenyewe, si bonge la kufunika nusu ya kidole. Naishika kwa kibano, naibonyezea juu ya chupa yenye kifuniko cha pampu mpaka ilowe bila kuchuruzika, naiweka juu ya ukucha, kisha nafunga foili. Tangu nianze, kidole changu hakijagusa asetoni. Nasubiri dakika 10 mpaka 15. Nikifungua, foili na pamba navivuta kwa pamoja kwa kibano na kuvitia kwenye ndoo yenye mfuniko, na jeli iliyonyanyuka naisukuma kwa kijiti. Ikigoma, narudisha foili kwa dakika tano. Zamani ikigoma nilikuwa naikwangua huku nimebana pamba kwa gumba, na gumba ndilo lililolipa. Kwa kuwa glovu za kutupwa hazina kulia wala kushoto, baada ya mkono wa kwanza wa mteja nabadilisha ya kushoto peke yake, maana ndiyo inayoshika. Ya kulia inashika kibano tu.

Mashine ya mvuke, ile unayotia asetoni na mteja akaingiza kidole, sikuipenda. Kila kidole kinapotoka, wingu hutoka nacho, na pua zilizo karibu nalo ni za fundi. Asetoni huchemka kwenye nyuzi joto 56 tu, na mvuke wake huweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutambaa sakafuni. Nalisema hili kwa sababu saluni nyingi za kwetu huweka chetezo cha udi chini, karibu na mlango, ili mteja akaribishwe kwa harufu nzuri. Siku ya kutoa jeli, udi usubiri. Feni nayo isimpulize mteja usoni. Iweke upande mmoja wako, ielekee dirishani, ili hewa ipite juu ya meza na kutoka. Barakoa ya kawaida ya bluu hupunguza vumbi kiasi lakini haizuii mvuke wa asetoni, kwa hiyo dirisha lina kazi kubwa kuliko barakoa.

Nimalizie na hesabu, kwa kuwa najua mtaniuliza. Mteja mmoja anayetoa na kupaka tena hunigharimu glovu nne za naitraili, jozi ya vumbi na jozi ya kupakia, na tatu za lateksi. Boksi la glovu 100 za naitraili linatosha wateja 25, na la lateksi wateja 33. Kabla ya hapo nilikuwa navaa jozi moja kwa mteja, kwa hiyo gharama imepanda, na nisingeweza kuibeba kwa ule utaratibu wetu wa kutoa bure kwa anayepaka tena. Niliuondoa. Sasa ukutani kwangu kutoa jeli kuna bei yake, imeandikwa juu ya bei ya kupaka. Wateja wawili walinuna na hawakurudi. Waliobaki huuliza kwa nini nimebadilisha glovu katikati ya kazi, nami huwaonyesha kidole kingine cha bluu kilichovimba kama hiki cha leo, ambacho nimekihifadhi kwenye kichupa hapa pembeni ya taa.