Vipimajoto vya spiriti: msivirudishe dukani kwa sababu ya nyuzi 94

Nilinunua vipimajoto kumi na viwili katika duka la vifaa vya maabara Kariakoo, nikasafiri navyo kwa basi hadi Mbeya vikiwa vimefungwa kwenye magazeti. Ni vile vya kioo vyenye kimiminika chekundu, vinavyosoma nyuzi -10 hadi 110 za Selsiasi. Vya zebaki nimeachana navyo. Kimoja kikivunjika kwenye darasa la watoto hamsini, mvuke wake ni sumu, na vile vitone vyake huwezi kuviokota vyote.

Kabla ya kuvipeleka darasani nilivipima kwenye barafu inayoyeyuka. Kumi vilisimama kwenye sifuri. Viwili, mstari wa kimiminika chekundu ulikuwa umekatika njiani. Nikavitia kwenye barafu yenye chumvi, kimoja kikaungana, kingine kikagoma. Muuzaji alikubali kunibadilishia.

Kisha nikachemsha maji. Vyote vilivyokuwa vizima viligota kwenye 94. Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Mwalimu, hivi umeuziwa feki, rudisha." Hapana! Mbeya tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huku ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika 100. Ndiyo maana maharage huku yanakaa jikoni muda mrefu kuliko Dar. Kipimajoto ambacho kingesoma 100 ndicho ningekitilia shaka.

Kilichonifurahisha zaidi ni somo la uvukizaji, Kidato cha Tatu. Tuliviweka viwili dirishani, kimoja tukakifunga pamba iliyoloweshwa maji kwenye ncha. Kikavu kikabaki 24. Chenye pamba kikashuka taratibu hadi 17. Upepo ni ule ule, maji yalikuwa ya ndoo iliyolala darasani. Binti mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana mtungi wa bibi unapoa bila friji." Akaeleza mwenyewe: chembe zenye nishati kubwa ndizo zinazotoroka, zinaondoka na joto, zilizobaki zinapoa. Mimi nikanyamaza tu.

Kasoro ni mbili. Ni vya mviringo, vinabingirika mezani, vifungeni uzi. Na alama za namba zinafutika mkivisafisha kwa spiriti, tumieni maji na sabuni. Mwakani nitanunua vingine sita.