Siku kumi zilezile, mmoja alama 10, mwingine 1,000

Mfumo huu wa takwimu za wafanyakazi tumekaa nao muda sasa. Sifa zake mtazisoma kwenye tovuti yao. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni.

Idarani kwetu yupo mama mmoja anayekwenda kliniki siku moja kila mwezi. Ruhusa zake zote zina karatasi, na nimezisaini mimi mwenyewe. Juzijuzi bosi kanigeuzia kompyuta: jina la yule mama liko juu kabisa, jekundu, alama 1,000, "hatari kubwa". Chini huko kuna kijana aliyekosekana siku kumi mfululizo. Kijani, alama 10. Mama wa watu naye amekosekana siku kumi hizohizo!

Usiku nikashika kalamu. Kumbe wanatumia fomula ya Bradford: mara ulizokosekana unazizidisha kwa zenyewe, halafu unazidisha kwa jumla ya siku. Mara kumi, siku kumi: 10 × 10 × 10. Mara moja, siku kumi: 1 × 1 × 10. Kwa hiyo anayeugua kidogokidogo ndiye anayechomwa. Kinachoniuma zaidi, sehemu ya sababu za ruhusa ipo, tumeijaza kwa mikono yetu jina baada ya jina, na hesabu haiigusi kabisa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaeleza taratibu. Kijana akanikatiza: "Dada, mashine haina upendeleo. Labda ninyi ndio mmeshamzoea." Tumemzoea! Mtu anauza mfumo wa kuhukumu kazi za watu na hajasikia habari za Amazon? Ziliandikwa 2018: programu waliyoijaribu kuchambua maombi ya kazi waliiacha, kwa sababu ilikuwa inawashusha wanawake. Ilifundishwa kwa maombi ya miaka kumi ya nyuma, na mengi yalikuwa ya wanaume.

Nilitaka kuweka nyota moja nilale. Lakini haki yao niwape. Ripoti yao ya saa za ziada ndiyo iliyotuonyesha kwamba karibu wote walioacha kazi walitoka zamu moja ya usiku, waliokuwa wakirudishwa kazini kabla hawajapumzika. Sisi tulikuwa tunalaumu mshahara. Tukapanga ratiba upya, watu wakatulia. Kwa macho yetu tusingeliona hilo, nakiri. Nikaandika nyota tatu, karibu nne.

Nimezifuta. Jana yule mama kaingia ofisini kwangu na kadi yake ya kliniki mkononi. Bosi alishamwambia habari za rangi. Akaifungua mezani, akaweka kidole kwenye tarehe mbili zinazokuja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama akiziruka hizo jina lake litashuka.

Nyota moja.