TAHADHARI: Sensa za magari zilizokwishatumika zinauzwa kama mpya hapa Tabora

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, hasa Toyota Carina na Corolla za injini ya 5A, nawaomba muwe makini. Mwezi uliopita niliuziwa hapa Tabora mjini sensa tatu (vifaa vinavyopeleka vipimo vya injini kwenye kompyuta ya gari) ambazo gari langu halikuzihitaji, na angalau moja kati yake ilikuwa imekwishatumika.

Gari lilianza kuwa zito. Asubuhi liliwaka kwa shida, na nikitoka Sikonge na abiria wanne lilichoka hata kwenye mwinuko mdogo. Fundi niliyempelekea alinionyesha orodha ya makosa kwenye simu yake, akasema sensa zimekufa, kisha akanielekeza kwenye duka moja la spea na kusisitiza nisinunue kwingine. Nililipa shilingi 185,000 kwa sensa ya joto la maji, ya throto (mlango wa hewa ya injini) na ya oksijeni. Baada ya kufungwa, gari likazidi kula mafuta na kutoa moshi mweusi.

Nilimwendea mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Alipoifungua sensa ya joto la maji, iliyotoka kwenye boksi jipya lenye nembo, tulikuta mabaki ya tepu nyeupe kwenye nyuzi zake za skrubu na kutu ya kijani kwenye pini, dalili kwamba ilikwishafungwa kwenye gari jingine. Sensa nzima ya aina hiyo husoma takriban omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 kwenye nyuzijoto 80. Tuliitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, na namba kwenye mita ikabaki 2,400. Kompyuta ilikuwa inaamini injini ni ya baridi muda wote, hivyo inaongeza mafuta. Sensa yangu ya zamani, ambayo kwa bahati nilidai nirudishiwe, ilishuka vizuri, tukairudishia.

Mzee alifungua kiboksi cha DIAGNOSIS chini ya boneti, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuwasha swichi. Kosa likiwa limehifadhiwa, taa ya injini huhesabu namba kwa kuwaka na kuzima: 22 ni sensa ya joto la maji, 12 na 13 ni mawimbi ya distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Yangu iliwaka na kuzima mfululizo bila kusita, yaani hakuna kosa. Ndipo akafungua kava ya juu ya taimingi: alama ya puli ya chini ikiwa kwenye 0, tundu la puli ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) lilikuwa nyuma kwa jino moja. Mkanda wa taimingi, unaozungusha kamshafti, ulikuwa umelegea ukaruka. Kwa kuwa distribyuta huzungushwa na kamshafti, valvu na moto wa plagi huchelewa pamoja, na kompyuta haioni cha kulalamikia. Mkanda mpya na beringi yake vilimaliza tatizo lote.

Muuzaji amekataa kunirudishia fedha kwa sababu hakunipa risiti nami sikuidai, kosa ambalo nawasihi msilirudie: daini risiti ya EFD kabla ya kutoa fedha, na sensa ya zamani kabla gari halijatoka gereji. Nimetoa taarifa polisi, na sensa zote tatu ninazo pamoja na maboksi yake. Aliyeuziwa sensa yenye tepu kwenye nyuzi asiitupe, wala boksi lake. Aende nayo polisi kutoa maelezo yake.