Apatimenti nzuri katikati ya Lubumbashi, na komisioneri (dalali wa nyumba) aliyemtuma baba yangu kwa mlinzi

Naanza na sifa za nyumba, kwa sababu yenyewe haikumkosea mtu. Idadi ya vyumba, vipimo na bei vimo katika tangazo, na kila mtu atavisoma huko. Lisilomo ni baraza ile inayotazama mijakaranda, na ng'ambo yake bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, pamoja na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, mandhari ambayo mtu wa Lubumbashi huitambua popote aonapo picha yake. Waliolikarabati jengo hilo la wakati wa Wabelgiji wameziacha ngazi na vigae vya zamani kama vilivyokuwa, nami nawapongeza kwa moyo wote. Niliposimama sebuleni nilijiambia kwamba hapa ndipo nitakapozeekea.

Kisha baba yangu akauliza swali.

Katika nchi yetu, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na anachopata mnunuzi ni haki ya kuitumia pamoja na jengo lililo juu yake, haki inayothibitishwa na sertifika ya usajili inayotolewa na mhifadhi wa hati za mali zisizohamishika. Kukabidhiwa funguo si uthibitisho, wala karatasi yenye muhuri wa mtaa. Baba, ambaye amewaona majirani wengi wakimaliza akiba yao mahakamani kwa ajili ya parseli, yaani kiwanja, iliyouzwa mara mbili, aliomba kwa adabu aione nakala ya sertifika hiyo, ajue imeandikwa jina la nani, na ghorofa moja inatengwaje katika hati ya jengo zima.

Komisioneri hakumjibu. Alinigeukia mimi, akasema: "Mama, mimi naongea na mwenye makuta (pesa). Huyu mzee ashuke chini, akangoje kwa mlinzi."

Alisema hivyo baba akisikia, bila hata kumtazama. Umeme ulikuwa umekatika na lifti imesimama, kwa hiyo baba alizishuka ngazi zote kwa magoti yake mabovu, mkono ukiwa ukutani, kwa sababu hakutaka kuwa chanzo cha ugomvi ndani ya nyumba aliyoona nimeipenda. Nilimfuata mara moja, na komisioneri akabaki juu akiniita kwamba kuna wateja wengine wanaosubiri. Na wasubiri.

Tangazo linasifu sana kwamba mtaa huu ni wa kihistoria. Historia hiyo baba yangu anaijua kuliko aliyeiandika. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukapangwa kwa kutenganisha watu: Wazungu katikati, na Waafrika ng'ambo ya eneo lililoachwa wazi makusudi, katika mtaa wa Albert ambao leo ni Kamalondo. Babu yangu alikuwa mpishi katika mojawapo ya nyumba za katikati. Mchana aliingia kwa mlango wa jikoni. Usiku hakuruhusiwa kuonekana huko bila kibali, na baba, akiwa mtoto, alikuwa akimngoja nje ya lango. Mzee huyo huyo leo anaambiwa na kijana wa Kikongo, katika barabara zile zile, kwamba mahali pake ni kwa mlinzi. Hilo siwezi kulimeza.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote asilikaribie jengo hilo. Nikifikiri zaidi naona si haki, kwa kuwa komisioneri si mwenye nyumba, na kazi ya mafundi haiwezi kuhukumiwa kwa ulimi wake. Hata hivyo mwenye nyumba ndiye aliyempa funguo na kumruhusu aseme kwa niaba yake. Na tangu siku ile simu za kuniomba niweke malipo ya kwanza zinakuja asubuhi na jioni, lakini nakala ya sertifika, ambayo ingetumwa kwa dakika chache kama ipo, haijafika. Nilisema juu kwamba nyumba haikumkosea mtu. Neno hilo nalirudisha. Nyumba ambayo karatasi yake inafichwa ina ufa mkubwa kuliko ule wa ukutani, hata kama baraza yake ni nzuri kiasi gani.

Bado naitaka, na nisiposema hivyo nitakuwa nimedanganya. Ila sitatoa hata dola moja mpaka mwenye nyumba aje mwenyewe na sertifika mkononi, twende wote ofisini kwa mhifadhi tukaihakiki, kisha turudi pale juu, baba yangu apewe kiti sebuleni, na swali lake lijibiwe kabla ya langu.