Kabla ya Kununua Gari, Uliza Habari za Mafuta ya Giaboksi

Malalamiko ya wenye magari yanayonifikia yanafanana mno. Gari lilikuwa zuri, halikuwahi kulala njiani, lilipelekwa sevisi kwa wakala rasmi bila kukosa na kitabu chake kimejaa mihuri. Kisha likaanza kutetemeka linapoondoka, au kuchelewa kuingia gia ya kurudi nyuma, au injini ikawa inanguruma bila gari kuongeza mwendo. Mwenye gari anaporudi kwa wakala huambiwa kwanza kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida ya magari ya aina hiyo, na baadaye, dhamana ikishakwisha, huambiwa kwamba giaboksi imekufa na dawa yake ni kufunga nyingine. Akiuliza mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini, hujibiwa kwamba hayakuwahi kubadilishwa, kwa kuwa hayahitaji kubadilishwa.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu na kuyapanga magari kwa kuangalia giaboksi kabla ya jambo jingine lolote. Ulaji wa mafuta, ukubwa wa buti na uzuri wa viti mnunuzi atajionea mwenyewe. Hata orodha za ubora zinazotangazwa kila mwaka hazisaidii sana katika suala hili. Utafiti wa kampuni ya J.D. Power kuhusu uimara huwauliza wenye magari yenye umri wa miaka 3, na katika umri huo yanayolalamikiwa zaidi ni mambo ya skrini na simu kutounganika. Giaboksi iliyonyimwa mafuta mapya bado inavumilia kimya kimya, na itaanza kusumbua gari likiwa mikononi mwa mnunuzi wa pili.

Mafuta ya giaboksi otomatiki yana kazi nyingi kuliko kulainisha vyuma. Ndiyo yanayobeba shinikizo la kubana klachi za ndani, ndiyo yanayopeleka nguvu ya injini kwenye gia kupitia toki konveta (kiungo kilichojaa mafuta kati ya injini na giaboksi), na ndiyo yanayopoza mtambo mzima huku yakibeba vumbi la klachi zinazosagika kidogo kidogo. Joto linapoyachosha, uwezo wake wa kushika hupungua, klachi huteleza, na kule kuteleza huzalisha joto jingine. Hakuna mafuta yanayoweza kufanya kazi hiyo bila kikomo, na watengenezaji wa giaboksi wenyewe wanalijua hilo. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi yake ya gia 8 imefungwa katika magari mengi ya BMW, inashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8, tena inauza seti kamili ya kazi hiyo pamoja na sampo (bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi) ya plastiki yenye chujio ndani yake. Magari hayo hayo yameuzwa kwa miaka mingi kwa maelezo kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Anayelitumia gari jipya kwa miaka mitatu na kulirudisha haumizwi na maelezo hayo, lakini anayelinunua baada yake analipa gharama yote.

Kwa hiyo, unapokagua gari lililotumika, omba tone la mafuta ya giaboksi lidondoshwe kwenye karatasi nyeupe. Mafuta mazima ya otomatiki ya kawaida huwa mekundu na yanaangaza. Yaliyochoka huwa ya kahawia, na yaliyoungua hunuka kama mkate ulioachwa motoni. Baadhi ya mafuta ya CVT, yaani otomatiki inayotumia puli na mkanda badala ya gia za kawaida, ni ya kijani au buluu tangu mwanzo, hivyo huko harufu na uangavu wa mafuta hueleza zaidi kuliko rangi. Sampo ikifunguliwa, utaona ndani yake sumaku ndogo: ute laini wa kijivu uliogandamana juu yake ni uchakavu wa kawaida, bali vipande vya chuma vinavyochoma kidole ni sababu tosha ya kuliacha gari hilo. Ugumu ni kwamba magari mengi ya sasa hayana dipstiki ya giaboksi. Kiwango hupimwa injini ikiwaka, kupitia nati ya kufurikia, mafuta yakiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji, na joto hilo husomwa kwa mashine. Fundi anayepima mafuta yakiwa ya baridi atazidisha, na anayepima yakiwa ya moto kupita kiasi atapunguza. Swali la kwanza kwa gereji yoyote liwe kama inapima joto hilo.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota ya haibridi, na sifichi kwamba mapenzi yangu yako kwa Toyota. Sababu yangu ni ya kiufundi. Tangu Prius ya kwanza ya mwaka 1997, haibridi nyingi za Toyota zimetumia mfumo wa gia za sayari unaounganisha injini na mota mbili za umeme. Ndani yake hamna mkanda, hamna toki konveta, wala klachi za kubadilisha gia, na gari linaporudi nyuma ni mota tu inayozungushwa kinyume. Vitu vinavyokufa katika giaboksi nyingine havimo kabisa. Mafuta yamo, na mimi husisitiza yabadilishwe ingawa wakala wengi hupuuza, lakini kazi yenyewe ni nyepesi: ya zamani yanamwagwa na mapya yanajazwa. Kinachosahaulika zaidi katika magari haya ni tundu la hewa ya kupozea betri, ambalo katika aina nyingi liko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na nywele za wanyama huliziba, betri ikapata joto, na mwenye gari akauziwa betri mpya wakati chujio lilihitaji kusafishwa mapema. Toyota nayo hukosea: mwaka 2024 iliita yarudishwe kurekebishwa magari yapatayo 100,000 ya Tundra na Lexus LX huko Marekani kwa sababu ya mabaki ya vyuma yaliyosalia ndani ya injini tangu kiwandani. Hata hivyo, kwa giaboksi ya haibridi, sijaona mpinzani wake.

Mazda inafuata. Wakati wengi walipokimbilia CVT, Mazda ilitengeneza otomatiki ya kawaida ya gia 6 inayofunga toki konveta mapema sana gari linapoanza kwenda, na hivyo kupunguza mtelezo unaochosha mafuta. Toyota zenye otomatiki za gia 6 za kampuni ya Aisin naziweka hapo hapo.

Ya tatu ni Honda, na hapa kuna wasomaji watakaonipinga, kwa kuwa Honda ina historia yake: mwaka 2004 iliita magari takribani milioni 1.1 kwa sababu gia moja ndani ya giaboksi iliweza kupata joto kupita kiasi na kuvunjika. Ninachokithamini ni kwamba magari yake mengi yana mfumo wa kukumbusha sevisi ambao, pamoja na oili ya injini, huonyesha pia wakati wa kubadilisha mafuta ya giaboksi. Mwenye gari huambiwa na gari lake mwenyewe, na wakala hana nafasi ya kumwambia vinginevyo. Kwa sababu hiyo hiyo naiweka Volkswagen yenye DSG (giaboksi yake ya otomatiki yenye klachi mbili) ya gia 6 katika nafasi ya nne. Klachi zake huzama ndani ya mafuta, na ratiba yake ya kubadilisha mafuta kila kilomita 60,000 imeandikwa wazi. Aliyeifuata hana malalamiko mengi. DSG ya gia 7 yenye klachi kavu ni jambo jingine. Mwaka 2013 Volkswagen ililazimika kuita magari zaidi ya 384,000 nchini China kwa ajili ya matatizo ya DSG, na klachi kavu ninaikwepa katika gari lolote litakalotumika kwenye foleni.

Kuhusu CVT, mnunuzi anahitaji kujua kinachotendeka ndani. Kuna puli mbili na mkanda au mnyororo wa chuma kati yake, na kinachouzuia mkanda kuteleza ni shinikizo la mafuta pamoja na uwezo wa mafuta hayo kushika chuma kwa chuma. Yakichoka, mkanda huteleza mara moja tu na kuuchubua uso wa puli, na kuanzia hapo unga wa chuma husambaa hadi kwenye vali ndogo zinazoongoza shinikizo. Kubadilisha mafuta baada ya hapo hakurudishi uso wa puli. Ndiyo maana katika magari haya sikubali neno la mdomo. CVT ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 2018 ina gia halisi ya kuondokea, hivyo mkanda hauanzi kazi kwa mzigo mzito. Naipenda kuliko nyingine zote za kundi hili. Subaru inakuja nyuma yake, na Nissan nyuma ya Subaru. Kampuni zote mbili zilirefusha dhamana ya CVT huko Marekani baada ya matatizo kuongezeka, na Nissan, kwa magari ya 2003 hadi 2010, iliifikisha miaka 10 au maili 120,000. Ni hatua ya kuheshimiwa, lakini anayenunua gari la miaka hiyo leo yuko nje ya dhamana hiyo, na bila risiti za mafuta ya CVT nisingelilipia.

Mwisho kabisa ni Ford Focus na Fiesta za giaboksi ya PowerShift yenye klachi kavu, ambazo siwezi kumshauri mtu yeyote azinunue. Hapa kasoro ya chuma na kasoro ya huduma vilikutana. Nchini Australia, wateja waliolalamika kwamba magari yao yanatetemeka waliambiwa kuwa kisa ni namna wanavyoendesha, na mwaka 2018 mahakama ya shirikisho iliiamuru Ford Australia kulipa faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowatendea waliolalamika.

Hukumu ya namna hiyo ni adimu, ilhali mwenendo wenyewe upo kila mahali. Mtu wa mauzo huisifia giaboksi isiyohitaji mafuta mapya. Mtu wa karakana, katika jengo lile lile, huja kuuza usafishaji wa giaboksi kwa bei kubwa pindi dalili zinapoanza, wakati ambapo kazi hiyo haina tena faida. Nimewahi kukabidhiwa na wakala mmoja ankara ya sevisi kubwa iliyoandikwa jumla moja tu, bila aina ya mafuta wala idadi ya lita, na nilipoomba mchanganuo niliambiwa mfumo wao hautoi. Mfumo unaoweza kutoza kila kipande cha spea hauwezi kushindwa kuonyesha lita za mafuta. Idadi hiyo ni muhimu kwa mwenye gari, maana kumwaga kwa kawaida hutoa sehemu tu ya mafuta, na mengine hubaki ndani ya toki konveta. Anayetozwa ujazo wote anastahili kujua kama mashine ya kubadilisha yote ilitumika. Wakala pia hutisha kwamba sevisi ya nje huua dhamana, ilhali Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1975 inayomkataza mtengenezaji kumfunga mteja kwa karakana yake, na Umoja wa Ulaya una kanuni zenye mwelekeo huo huo. Kabla ya kulipia gari, mwandikie wakala barua pepe ukiuliza mafuta ya giaboksi hubadilishwa baada ya kilomita ngapi, ni ya aina gani na ni lita ngapi, ukitaja namba ya chasisi. Anayekataa kujibu kwa maandishi kabla ya kupokea fedha hatajibu baadaye.

Kwa wenye bajeti ndogo, magari madogo yenye gia za mkono zinazobadilishwa na mtambo, kama Suzuki ilivyoanza kufanya katika Celerio mwaka 2014, yanasukuma kidogo kila gia inapobadilika, lakini klachi yake ni ya kawaida na fundi wengi wanaiweza. Gari la gia za mkono kamili ni rahisi zaidi, ila nalo linahitaji mafuta mapya ya giaboksi, jambo ambalo halimo katika sevisi nyingi za kawaida. Ukimpelekea fundi, mwombe alegeze kwanza nati ya kujazia kabla ya kugusa ile ya kumwagia, kwa sababu nati ya kujazia iliyoganda kwa miaka inaweza kukataa kabisa kufunguka wakati giaboksi imeshabaki tupu.